Watoto waliotoroka: historia ya nidhamu na mahudhurio katika shule za pembeni za Kongo

"Wakati wa Wabelgiji hakuna mtoto aliyekosa darasa." Maneno haya tunayasikia mara kwa mara hapa Bukavu, kwenye matanga, kwenye mikutano ya wazazi, hata ndani ya teksi inayopanda kutoka Nyawera kwenda Kadutu. Anayeyasema huwa ni mzee, na mara nyingi anaongeza la pili: kwamba fimbo ilikuwa inafanya kazi, na kwamba tungeirudisha tusingekuwa na maibobo wanaolala sokoni wakati wenzao wako darasani. Wapo pia wanaotaka watoto hao wapakiwe kwenye malori na kukabidhiwa kwa wanajeshi ili wafundishwe adabu.

Wazee wetu tunawaheshimu. Lakini jambo hili lina historia iliyoandikwa, na historia hiyo haisemi wanavyosema. Tuifuate kidogo, kwa upande wa zile shule ambazo tunaweza kuziita za pembeni: za yatima, za watoto wa barabarani, za viziwi, za waliotoka katika vikundi vya silaha, za waliopita umri wa kuanza darasa la kwanza. Huko ndiko suala la nani yupo na nani hayupo limekuwa zito kila wakati.

Shule ya kwanza ya serikali kwa watoto wa namna hiyo ilizaliwa kwa amri ya Leopold II ya tarehe 12 Julai 1890. Amri ilisema serikali ya Kongo inakuwa mlezi wa watoto walioachwa, yatima, na wale waliokombolewa kutoka katika utumwa. Kwa masikio ya watu wa Ulaya wa siku zile, hayo yalikuwa maneno ya huruma. Ila miezi michache kabla ya amri hiyo, mfalme alikuwa amemwandikia msimamizi wake wa mambo ya Kongo, Van Eetvelde, kwamba zianzishwe koloni tatu za watoto, na akaeleza wazi kwamba shabaha yake kubwa ni kupata askari. Mwaka 1892 amri nyingine iliruhusu misioni nazo kuchukua watoto kwa njia ileile.

Koloni hizo za shule zilifunguliwa Boma na Nouvelle-Anvers, mahali panapoitwa Makanza leo. Mapadri walifundisha dini na kusoma, na mazoezi yalikuwa ya kijeshi. Watoto walitoka wapi? Wengi walikuwa mabaki ya vita: kijiji kimechomwa, wazazi wameuawa au wamekimbilia msituni, mtoto anaandikwa "yatima". Wengine walichukuliwa huku kwetu mashariki wakati serikali ilipopigana na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Nyangwe na Kasongo, kati ya 1892 na 1894. Mtoto aliyeitwa amekombolewa alikuwa anabadilishiwa bwana, na safari ilikuwa inaendelea.

Safari yenyewe ndiyo iliyokuwa mtihani wa kwanza wa mahudhurio. Katika msafara mmoja wa wavulana 108 waliotembezwa kwenda Boma mnamo 1892 na 1893, waliofika walikuwa 62, na wanane kati yao walikufa katika wiki chache zilizofuata. Hesabu hiyo tuiangalie vizuri kabla ya kusema habari ya darasa lililojaa. Waliofika walikutana na shikoti, ile fimbo ya ngozi ya kiboko iliyokaushwa, na mnyororo. Walitoroka. Waliasi, tena si mara moja. Mvulana aliyemaliza masomo akiwa hai, kwa kawaida alivikwa kofia ya Force Publique na kupelekwa kuwatendea wengine yale aliyotendewa.

Upande wa Ziwa Tanganyika mambo yalikuwa na sura nyingine kidogo. Mapadri Weupe walikuwa wakinunua watoto kutoka kwa misafara ya watumwa na kuwalea katika vituo kama Kibanga, upande wa Fizi ya leo, na Mpala. Walifundishwa kwa Kiswahili, jambo ambalo lilisaidia lugha yetu kukaa shuleni. Hatuwezi kuwaweka mapadri hao kapu moja na maofisa wa Boma. Lakini nao walikuwa wanaishi na swali lilelile: mtoto niliyemnunua ili nimpe uhuru, akitaka kuondoka, nimwache aende?

Swali hilo lilijibiwa vibaya sana huko Bas-Congo. Mapadri Wajesuiti wa Kisantu, wakiongozwa na Padri Van Hencxthoven, walianzisha mashamba madogo yenye kanisa, kila moja karibu na kijiji, na watoto walikaa hapo chini ya katekista, wakilima, wakichunga na kujifunza. Kwenye karatasi wote walikuwa yatima. Mwishoni mwa 1904, baada ya kelele za dunia nzima juu ya mpira na mikono iliyokatwa, Leopold alilazimika kutuma tume ya uchunguzi ya watu watatu, Janssens, Nisco na de Schumacher. Ripoti yao ilitolewa mwaka uliofuata, na kuhusu mashamba hayo ilikuwa na maneno makali: wengi wa watoto hawakuwa yatima hata kidogo, waliombwa kwa machifu ambao hawakuthubutu kukataa, na ni nguvu tu, wakati mwingine ya wazi na wakati mwingine ya kufichwa, iliyowafanya wabaki. Waliokimbia walifuatwa na kurudishwa, na adhabu ilikuwa inawangoja.

Basi hayo ndiyo mahudhurio ya zamani. Yalikuwa mazuri kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Tume ilipoondoka na Kongo ikawa koloni ya Ubelgiji mwaka 1908, misioni ziliendelea kushika elimu karibu yote. Shule zilienea, na hilo lazima tuliseme. Lakini mtoto aliyeshindwa kufuata mwendo wa shule alirudi kijijini akapotea machoni pa serikali. Serikali ilimkumbuka tena baada ya Vita ya Pili ya Dunia, pale miji ilipovimba. Elisabethville, Léopoldville, Costermansville (ndiyo Bukavu yetu), zote zilijaa familia zilizokuja kutafuta kazi, na vijana waliokuwa wakizunguka bila shule na bila karatasi waliwatia Wazungu hofu.

Jibu lilikuwa amri ya tarehe 6 Desemba 1950 juu ya watoto wahalifu. Iliitwa hivyo, lakini ilienda mbali kuliko uhalifu. Hakimu aliweza kumshika mtoto kwa sababu ya kuzurura au kuomba-omba, na pia kwa sababu wazazi wamelalamika kwamba hatii. Ilifuata mfano wa sheria ya Ubelgiji yenyewe ya mwaka 1912. Mtoto aliyeshindikana alitumwa katika nyumba ya ulinzi na elimu ya serikali, zile tulizozizoea kwa herufi EGEE, kama ile ya Madimba. Mule kulikuwa na shamba, useremala, kusoma kidogo, filimbi ya kuamkia na mstari wa kuhesabiwa. Kwa kulinganisha na Boma ya 1892 ilikuwa hatua mbele, kwani angalau hakimu alipaswa kuandika sababu. Hata hivyo wazo lilibaki palepale: mtoto asiyekuja darasani ni kosa la kusahihishwa, na mahali pa kumsahihisha ni mbali na watu wake.

Jambo ambalo wengi wetu hatukulijua ni umri wa amri hiyo. Uhuru wa 1960 haukuifuta. Mobutu hakuifuta. Laurent-Désiré Kabila hakuifuta. Iliendelea kuwa sheria ya nchi mpaka tarehe 10 Januari 2009, ilipotolewa sheria nambari 09/001 ya ulinzi wa mtoto. Kwa miaka 58, mtoto wa barabarani wa Kongo aliangaliwa kwa miwani ya gavana Mbelgiji. Sheria mpya iliweka mahakama za watoto, ikamtaja mtoto wa mitaani na mtoto anayesingiziwa uchawi kuwa watoto wa kulindwa, na ikadai kwamba nidhamu katika familia, shule na vituo iwe ya kibinadamu.

Hapa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna watoto ambao hakuna amri iliyowataja kama wakorofi, lakini darasani walitendewa hivyo. Nao ni viziwi.

Fikirini namna mwalimu anavyoanza siku. Anafungua rejista, anaita majina. Mtoto asiyeitika anaandikwa hayupo, au anapigwa kwa kiburi, wakati ameketi pale mbele. Mamia ya watoto wetu walifukuzwa au waliacha wenyewe kwa njia hiyo, wakiwa na jina la "bubu mkaidi". Ulaya nako hakukuwa na nafuu. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milano, Italia, wengi wao wakiwa watu wanaosikia, wakaamua kwamba watoto wafundishwe kusema kwa mdomo na kwamba ishara ziondolewe darasani. Kwa karibu miaka mia moja baadaye, katika shule nyingi, mtoto kiziwi aliyetumia mikono yake kuongea alihesabiwa ametenda kosa. Wengine waliamriwa kukalia mikono yao. Nidhamu ya shule ilikuwa kumzuia mtoto asiseme.

Mtu aliyegeuza hilo katika Afrika alikuwa Mmarekani mweusi, Andrew Foster, mzaliwa wa Alabama mwaka 1925, aliyekuwa kiziwi tangu miaka 11 kwa sababu ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Mwaka 1954 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata digrii katika chuo cha viziwi cha Gallaudet. Mwaka 1957 alifika Accra, akafungua shule kwa kutumia darasa la kuazima, saa ambazo wenye darasa wameondoka. Kutoka hapo hakutulia. Hadi kifo chake alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13, na Zaïre ilikuwa mojawapo. Alifundisha kwa ishara, na vijana viziwi aliwapeleka Ibadan, Nigeria, wakafunzwe ualimu, kisha wakarudi makwao kufundisha wenzao. Ndiyo sababu ishara za viziwi wa Kongo zina undugu na zile za Marekani, ingawa nchi yetu inaandika Kifaransa.

Katika habari yetu ya mahudhurio, hilo la mwisho ndilo kubwa. Mwalimu ambaye naye ni kiziwi haiti majina kwa sauti. Anatazama nyuso. Mtoto aliyetoka nyumbani ambako hakuna anayezungumza naye, kwa mara ya kwanza anakuta mtu mzima wa kuulizana naye habari. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kufungiwa mlango, shida ni kumfanya aende nyumbani jioni. Foster alikufa tarehe 3 Desemba 1987 katika ajali ya ndege ndogo karibu na Gisenyi, upande wa pili tu wa mpaka wa Goma. Wakaaji wengi wa Goma hupita mpaka ule kila siku bila kujua habari hiyo.

Sasa tuje kwenye miaka ambayo wasomaji wetu wengi waliiishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Mobutu iliacha kuwalipa walimu ipasavyo. Migomo ilifunga shule kwa miezi. Ili zifunguliwe tena, wazazi wakakubali kuchanga fedha za kumshikilia mwalimu, zile tulizoziita prime. Kilichoanza kama msaada wa muda kilidumu karibu miaka 30.

Na hapo historia ilipinduka kichwa chini. Zamani shule ilimfunga mtoto anayetaka kutoka. Sasa ilimfukuza mtoto anayetaka kubaki. Kila aliyesoma miaka hiyo anajua asubuhi ya kufukuzwa: direkta anaingia na orodha, majina yanasomwa, wasiolipa wanachukua madaftari yao na kutoka mbele ya wenzao. Rejista ya siku hiyo iliandika kwamba hawapo. Wiki mbili za hivyo, mtoto anaanza kubeba mizigo sokoni. Miezi miwili, analala huko. Ndipo tunamwita maibobo na kuuliza kwa nini hana nidhamu. Kwa maoni yetu, orodha ya direkta imetoa watoto wengi zaidi shuleni katika jimbo hili kuliko ukorofi wao wote ukijumlishwa.

Juu ya hayo ikaja vita. Mwaka 1996 AFDL ilipoanza mwendo wake kutoka Kivu, iliwachukua wavulana wengi, na neno la Kiswahili "kadogo" likaingia katika historia ya taifa. Wengine walienda kwa hiari, na tukumbuke walikuwa hawana ada ya shule. Katika vita vilivyofuata kila kikundi kilikuwa na watoto. Mtu wa kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya La Haye, Thomas Lubanga wa Ituri, alipatikana na hatia tarehe 14 Machi 2012 kwa kosa hilohilo, kuwatia jeshini watoto wenye umri chini ya miaka 15.

Watoto hao walipoanza kutoka, walimu wa vituo vya mpito walikutana na kazi ambayo hakuna chuo kilichowafunza. Hapa Bukavu, BVES ya Murhabazi Namegabe, aliyepewa Tuzo ya Watoto wa Dunia mwaka 2011, ni kati ya mashirika yaliyobeba mzigo huo. Mtoto aliyeongoza watu wenye bunduki akiwa na miaka 13 hatishwi na fimbo. Ameona makubwa kuliko fimbo. Ukimpigia kelele, ama anacheka, ama anakupiga, ama usiku huo anarudi msituni, ambako angalau cheo chake kinajulikana. Vituo vililazimika kuvumbua namna nyingine: kumpa kazi ya kuwajibika, kumweka na mlezi mmoja asiyebadilika, kutafuta familia yake mapema, kumkubali akirudi baada ya kutoroka bila kumfungulia kesi. Jambo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa mwalimu Mkongo, kwa sababu sisi sote tulilelewa kwamba anayerudi lazima kwanza aadhibiwe.

Kutoka katika mahitaji hayo vilienea vituo vya kufidia masomo, vile tunavyoviita tu rattrapage. Miaka sita ya shule ya msingi inapangwa katika ngazi tatu, kila ngazi mwaka mmoja, na mwishoni mtoto anafanya mtihani uleule wa taifa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaitambua elimu hiyo pamoja na ile ya watoto wenye ulemavu. Katika vituo hivyo mahudhurio yana kalenda yake. Siku ya soko nusu ya darasa haipo. Wakati wa mavuno hali ni hiyohiyo vijijini. Katika eneo la Kamituga, bei ya dhahabu ikipanda viti vinabaki wazi. Wasichana wana sababu zao, na mara nyingi sababu hiyo ni mdogo wao mgongoni. Kituo kinachojifanya shule ya kawaida, na geti linalofungwa saa moja na nusu, kinapoteza watoto walewale kilichofunguliwa kwa ajili yao. Vinavyodumu ni vile vilivyosogeza saa, vinavyoruhusu mdogo aketi pembeni, na ambavyo mwalimu wake anapanda mlima kwenda kuuliza nyumbani siku ya tatu ya kukosa.

Masomo ya bure katika shule za msingi za serikali, ambayo katiba ya 2006 iliyaahidi katika kifungu cha 43, yalianza kutekelezwa Septemba 2019. Madarasa yalijaa kupita kiasi, na waliorudi walikuwa ni walewale tuliokuwa tunaambiwa kwamba hawapendi shule. Tunajua matatizo ya masomo ya bure, tumeyaandika hapa. Lakini kama kuna jaribio lililowahi kufanywa katika nchi nzima kujua kwa nini mtoto hayupo darasani, ni lile.

Tunarudi kwa wanaotaka malori. Tangu mwaka 2020 vijana wanaoitwa kuluna wametolewa Kinshasa na kupelekwa Kaniama-Kasese, huko Haut-Lomami, chini ya Huduma ya Taifa inayoongozwa na wanajeshi. Wanalima mahindi na kujifunza ufundi, na wapo waliorudi na kazi mikononi. Hatusemi hakuna kijana aliyefaidika. Tunasema kwamba hao ni vijana wakubwa, na kwamba maibobo wa Bukavu wenye miaka tisa au kumi na moja wana hakimu wao kisheria tangu 2009. Na tunasema kwamba shule ya mbali, yenye filimbi na mstari wa kuhesabiwa, nchi hii ilikwisha kuifungua mara mbili.

Walimu watatu wa rattrapage katika komine ya Kadutu waliotusaidia kuelewa kazi yao wanaweka rejista iliyoongezwa safu moja kwa rula na bik nyekundu. Shule ya kawaida inaandika yupo au hayupo. Wao wanaandika na mahali alipo: sokoni, kwa bibi Bagira, anauguza mama, kwenye mgodi, hajulikani. Ukurasa wa mwezi uliopita tulioonyeshwa ulikuwa na majina 41. Penye "hajulikani" palikuwa na majina mawili, na mmoja wa walimu alikuwa amevaa buti tayari kwenda kuwatafuta.